Jina la Mama Katika Daftari la Hesabu

(Hotuba iliyotolewa katika hafla ya maadhimisho ya Mandir yetu, Dar es Salaam)



Kamati ya maadhimisho iliponiita nizungumze juu ya asili ya familia zetu, iliniagiza mambo mawili. La kwanza, niseme kwa Kiswahili, ili wajukuu wetu na majirani zetu waliojumuika nasi wafuate kila neno. La pili, nisirudie historia ambayo walionitangulia jukwaani wamekwisha kuisimulia vizuri. Nitatii yote mawili. Nitazungumza juu ya mtu mmoja tu, mama aliyeishi na kufa Mandvi, bandari ya Kutch, katika karne ya kumi na tisa, ambaye hakuiona Afrika hata siku moja. Nitaeleza jinsi tulivyompata, kwa sababu naamini kila nyumba iliyowakilishwa ukumbini humu inaye mama wa namna hiyo, na njia tuliyoipita sisi iko wazi kwenu nyote.

Neno langu kuu ni hili: nasaba zetu zimewasahau mama zetu, lakini madaftari ya biashara hayakuwasahau. Waswahili wanayo methali juu ya Baniani na kiatu chake, nanyi nyote mnaijua, sina haja ya kuimaliza. Mimi leo nasema kwamba dawa imo katika daftari lake.

Nianze na ibada. Kila mwaka, katika siku za Pitru Paksha, huketi mbele ya Maharaj tukawamiminia maji wahenga wetu. Kanuni inatutaka tuwataje kwa majina yao baba, babu na baba mzaa babu. Kisha mama, bibi, na mama mzaa babu, ambaye kwa Kisanskriti huitwa prapitamahi. Ni majina sita. Katika nyumba yetu majina matano yalitoka bila kusita. La sita halikuwapo. Mama mzaa babu alitajwa kwa cheo chake tu, bila jina. Tena, kwa kuwa hatukujua siku aliyofariki, tulimfanyia ibada siku ya mwisho, Sarva Pitru Amavasya, ambayo ni siku ya marehemu wote wasiojulikana tarehe zao.

Ndugu zangu, kanuni hiyo inahesabu vizazi vitatu. Maana yake ni kwamba kizazi changu ndicho cha mwisho chenye wajibu wa kumtaja mama huyu kwa jina. Sisi tukiondoka, zamu yake inakwisha. Nilipofikisha miaka sitini nililitafakari jambo hilo kwa uzito wake, nikaona haifai mtu atoke katika kumbukumbu ya uzao wake bila jina lake kutamkwa walau mara moja.

Marehemu baba yangu alifariki tukiwa wadogo. Karatasi ya nasaba aliyotuachia ilifanana na karatasi za nyumba nyingi: mti mkubwa wenye matawi na majina ya wanaume watupu. Chini ya jina la baba mzaa babu palipigwa mstari, na chini ya mstari wakaandikwa wana wawili. Ungedhani wana hao walidondoka kutoka mawinguni. Nyumbani mama yao aliitwa Motiba, yaani mama mkubwa, na kwa jina hilo la heshima nitamwita jioni hii.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini mama wa zama zake hawaonekani. Katika sehemu kubwa ya karne ya kumi na tisa, wanaume wa Kihindu wa Kutch na Kathiawar walikuja Unguja peke yao. Walipanda kotia Mandvi au Mundra, wakasukumwa na kaskazi hadi bandari ya Unguja, wakarudi kwa kusi kabla masika ya India hayajafunga bandari za kwao. Wengine walikaa miaka kadhaa kabla ya kurudi. Dini na desturi za wakati ule zilimkataza mtu wa tabaka la heshima kuvuka bahari. Mwanamume aliyerudi alifanyiwa utakaso, lakini mwanamke hakuruhusiwa kabisa kuingia katika hatari hiyo. Wake wa ndugu zetu Makhoja na Mabohora walivuka mapema zaidi. Wake wa Kihindu walianza kuvuka kwa idadi ya kuonekana mwishoni mwa karne. Basi tunapowasoma wafanyabiashara wakubwa wa enzi hiyo, kama nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, tunasoma upande mmoja wa bahari. Upande wa pili kulikuwa na nyumba zilizoendeshwa na wanawake.

Nilianza utafutaji wangu mahali ambapo kila mtu angeanzia, kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani. Humo mna kumbukumbu nyingi za ubalozi mdogo wa Waingereza, na zinawahusu watu wetu, hasa baada ya mwaka 1869, Rao wa Kutch alipotangaza kwamba raia zake walioko Unguja wahesabiwe chini ya himaya ya Waingereza. Mna mashauri ya madeni, mirathi, malalamiko ya bidhaa. Mume wa Motiba nilimwona humo, naye hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mwenye duka aliyewakopesha wenye mashamba ya karafuu kwa ahadi ya kulipwa msimu wa mavuno. Motiba sikumwona. Serikali huandika watu wanaofika mlangoni kwake, naye hakufika.

Hatua ya pili ilikuwa kwa Barot. Vijana wetu pengine hawajui neno hili. Vahivancha Barot ni msomaji wa kitabu: mtu ambaye kazi ya ukoo wake, baba kwa mwana, ni kutunza vitabu vya nasaba za familia fulani na kuzitembelea baada ya miaka ili aandike waliozaliwa na waliooa, kisha apewe zawadi yake. Barot wetu alifungua kitabu chake kirefu akasoma vizazi kumi na kimoja kwa pumzi moja. Alipofika kwa baba mzaa babu, alisoma kwamba alioa binti wa mtu fulani wa Mundra. Ilikuwa hatua njema: tulipata mji aliotoka na jina la baba yake. Lakini jina lake mwenyewe halikuandikwa. Katika kitabu cha Barot, mke alikuwa daraja kati ya koo mbili za wanaume.

Ndipo nikageukia madaftari. Mnajua kwamba siku ya Diwali tunayaleta hapa Mandir, tukayafungua mbele ya Lakshmi na Ganesh, tukaandika ukurasa wa kwanza kwa heshima. Ndiyo Chopda Pujan. Nakumbuka wazee walivyosema kwamba daftari ni kitu kitakatifu kwa sababu halisemi uongo. Nyumba yetu ya Mandvi ilikuwa na kampuni ndogo ya ndugu wawili: mdogo alikuja Unguja, mkubwa alibaki kwao akaandika hesabu. Madaftari yake marefu, yenye majalada ya kitambaa chekundu, yalihifadhiwa katika sanduku la mbao kwa jamaa zetu. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, lililobomoa Bhuj, Anjar na Bhachau na kuua maelfu ya watu, liliziacha nyumba nyingi za Kutch bila paa na bila karatasi. Sanduku letu lilisalimika. Humo mlikuwa na rojmel, yaani daftari la fedha za kila siku, na khatavahi, daftari ambamo kila mtu ana ukurasa wake wa jama na udhar, yaani anachodai na anachodaiwa.

Kusoma madaftari hayo si jambo jepesi, nami nataka niwaeleze vizuizi viwili ili mkikutana navyo msikate tamaa.

Kizuizi cha kwanza ni mwandiko. Wafanyabiashara wa zamani walitumia herufi za kibiashara, zilizoandikwa haraka na mara nyingi bila irabu. Kuna kichekesho cha kale juu yake. Karani aliandika kwamba baba mdogo amekwenda Ajmer, kaka ajmer gaya. Kwa kuwa irabu hazikuwapo, watu wa nyumbani wakasoma kaka aaj mar gaya, baba mdogo amefariki leo, wakaanza kulia. Kwa hiyo mtafute mzee anayeweza kuusoma mwandiko huo, na mumtafute upesi, kwa maana wamebaki wachache.

Kizuizi cha pili ni kalenda. Madaftari yanafuata Vikram Samvat. Watu wengi hutoa miaka 56 au 57 wakadhani wamemaliza. Lakini mwaka mpya wa Gujarat huanza baada ya Diwali, mwezi wa Kartik, ilhali mwaka mpya wa Kutch huanza mwezi wa Ashadh, siku ya Ashadhi Bij, mnamo Juni au Julai. Kati ya Ashadh na Diwali, daftari la Kutch liko mwaka mmoja mbele ya daftari la Ahmedabad. Shravan ya Samvat 1929 kwa mtu wa Ahmedabad ni Agosti 1873. Kwa mtu wa Mandvi ni Agosti 1872. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini mtaona punde kwamba heshima ya Motiba ilisimama juu yake.

Katika khatavahi tulikuta ukurasa wenye kichwa kinachoanza na neno Bai, likafuatwa na herufi mbili tu, kisha jina la mume wake. Ulikuwa ukurasa wa Motiba. Kwa nini mke awe na hesabu yake katika kampuni ya shemeji yake? Kwa sababu ya stridhan. Mapambo na mali anayopewa mwanamke na wazazi na jamaa zake wakati wa ndoa ni yake mwenyewe. Sheria za kale za dharma zinaihesabu mbali na mali ya mume. Motiba alikuja kutoka Mundra na vikuku, mkufu, na furungu za fedha, vyote vikaandikwa kwa uzito wake wa tola, na fedha taslimu aliyoipata akaiweka katika kampuni kwa riba. Nasaba ilimwona binti wa fulani na mke wa fulani. Karani wa hesabu alilazimika kumwona mwenyewe, kwa kuwa alimdai.

Kwa miaka kadhaa ukurasa ule unakwenda kwa utulivu. Mara moja kwa mwaka, baada ya majahazi kurudi, linaingia fungu kutoka Unguja kwa hundi. Mumewe alilipa reale kwa mfanyabiashara wa Unguja mwenye mwenzake Mandvi, akapewa karatasi. Karatasi ikasafiri na nahodha. Na Mandvi ikalipwa kwa kori, sarafu ya fedha ya Kutch. Neno hundi tunalitumia hadi leo katika Kiswahili, nalo lilivuka bahari pamoja na karatasi zenyewe. Sehemu ya fungu hilo ilikwenda kwenye matumizi ya nyumba, mafuta, nafaka na ada ya mwalimu wa mtoto, na sehemu ikabaki kwenye hesabu yake.

Kisha, ghafla, fedha zinageuza mwelekeo.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Majahazi yalizama bandarini, nyumba zikaanguka, na mashamba ya karafuu ya kisiwa hicho yakaharibiwa kwa kiasi ambacho miti mingi iling'olewa kabisa. Pemba iliepuka sehemu kubwa ya madhara hayo, ndiyo maana baadaye ikawa kisiwa cha karafuu. Mkarafuu unapopandwa hauzai kesho. Unangojewa kwa miaka. Mtu aliyewakopesha wenye mashamba ya Unguja alipoteza katika siku moja mavuno ya mwaka ule na ya miaka iliyofuata. Mume wa Motiba alikuwa mtu huyo.

Katika ukoo wetu kuna hadithi, nanyi wa jamaa yangu mliopo hapa mmeisikia, kwamba baada ya kimbunga babu yule aliinuliwa na huruma ya tajiri mmoja mkubwa ambaye hakutajwa jina. Hadithi hiyo imesimuliwa harusini na msibani kwa zaidi ya miaka mia moja. Sasa sikilizeni daftari.

Mwezi wa Vaishakh, Samvat 1928, rojmel inaonyesha malipo madogo kwa mtu aliyeleta barua kutoka jahazini. Ni Mei au mwanzo wa Juni 1872, muda ambao majahazi ya mwisho hufika kabla bandari hazijafungwa na masika. Mwezi wa Shravan, Samvat 1929, mapambo ya Bai yanapimwa na kuwekwa rehani: vikuku, mkufu na furungu, kila kimoja kwa uzito wake. Mwezi wa Magshar, Samvat 1929, msimu unapofunguka na majahazi yanapoanza safari, fedha zote zilizopatikana kwa rehani, pamoja na salio la hesabu yake, zinapelekwa Unguja kwa jina la mumewe.

Msomaji wa kwanza aliyetusaidia, mtu wa Ahmedabad, alihesabu kwa kalenda ya kwao akasema kwamba kati ya barua na rehani ilipita miezi kumi na mitano, na kwamba bila shaka mama huyu alishurutishwa na shemeji zake baada ya mabishano marefu. Lakini tazameni mpangilio wa kurasa. Katika daftari letu, Shravan ya 1929 imeandikwa kabla ya Magshar ya 1929. Kwa kalenda ya Ahmedabad hilo haliwezekani, maana huko Magshar hutangulia na Shravan hufuata. Kwa hiyo karani alihesabu kwa kalenda ya Kutch, na kati ya barua na rehani ilipita miezi mitatu tu, miezi ambayo hakuna chombo kilichoweza kutoka bandarini. Motiba alikuwa tayari kabla jahazi la kwanza halijatweka tanga. Hapana tajiri mkubwa katika kurasa zile. Tajiri alikuwa yeye, na mali yake ilikuwa furungu za miguu yake.

Tena daftari linatuambia tabia yake. Fedha zile hazikuandikwa kuwa zawadi. Ziliandikwa kuwa mkopo kwa duka la Unguja, wenye riba, na riba ikahesabiwa kila mwaka mpya. Naona akina mama wanacheka. Ndiyo, alimtoza mumewe riba! Naye mume, kwa heshima yake, aliilipa, hundi baada ya hundi, mpaka deni likaisha na furungu zikarudi kutoka rehani. Duka lililosimama tena kwa mkopo huo ndilo lililomlea babu yangu alipovuka akiwa kijana, ndilo lililozaa duka la Dar es Salaam, na ndilo lililonilisha mimi.

Waheshimiwa, nisingekuwa mwaminifu kwa daftari kama ningesoma kurasa za kututukuza tu. Karafuu iliyolipa hundi za miaka ile ya kwanza ilichumwa na watumwa. Mwaka 1860 Balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Waingereza kuwaachia huru watumwa wao, jambo linaloonyesha wazi kwamba miongoni mwa watu wetu walikuwamo wenye watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Mama mmoja wa Mandvi hakumwona mchumaji wa karafuu, na mchumaji hakumwona yeye; lakini jasho la mmoja liliingia katika hesabu ya mwingine. Tunapoomba mama zetu wakumbukwe kwa majina, tukumbuke pia kwamba wapo mama wa pwani hii ambao hakuna daftari lililoandika majina yao kwa heshima. Ukoo unaotaka ukweli auchukue wote.

Lilibaki jina lenyewe. Herufi mbili bila irabu zilisomeka kwa njia tatu tofauti, na kila njia ilitoa jina la kawaida la mwanamke wa Kutch. Tusingeweza kumtajia Mungu majina matatu tukamwambia achague.

Hapo ndipo lilipotufaa jambo ambalo wengi wenu mnalijua. Kama Gaya ulivyo mji wa kuwafanyia ibada baba zetu, Siddhpur, katika Gujarat, ni mji wa ibada ya mama. Unaitwa Matru Gaya. Kwa imani yetu, huko Kapila Muni alimfundisha mama yake Devahuti njia ya ukombozi, na watoto huenda pale Bindu Sarovar kumfanyia mama shraddha yake. Makuhani wa mahali patakatifu huandika katika vitabu vyao nani alikuja na alikuja kwa ajili ya nani. Mwana mkubwa wa Motiba alikwenda. Katika kitabu cha kuhani wa ukoo wetu pameandikwa, kwa herufi safi zenye irabu zote, jina la mwana, mji wake, na jina la mama yake. Lilikuwa mojawapo ya majina yale matatu. Nilitulia kimya kwa muda mrefu kabla sijaweza kulisoma kwa sauti.

Na siku ya kifo chake? Hiyo pia ilitoka katika hesabu. Mwaka wa Samvat 1956, yaani 1899 hadi 1900, Kutch na Gujarat yote zilipigwa na njaa kuu ambayo wazee waliiita Chhappaniyo, kwa jina la mwaka wenyewe. Mvua zilikosekana, mifugo ikafa kwa maelfu. Motiba alikuwa mjane wakati huo. Ukurasa wake, uliojaa kwa miaka mingi, unaanza kupungua mwezi baada ya mwezi, na upande wa matumizi limeandikwa neno lile lile: nyasi, nyasi, nyasi. Alikuwa akinunua majani ya ng'ombe wa panjrapol, zizi la wanyama wasio na mwenyewe. Salio la mwisho lilihamishiwa hesabu ya dharmada, sadaka, na ukurasa ukafungwa kwa sifuri. Siku chache baadaye rojmel inaonyesha samli, sukari na nafaka kwa ajili ya ibada ya siku ya kumi na tatu. Wafanyabiashara wetu waliandika tithi juu ya kila ukurasa. Tulihesabu siku kumi na mbili kurudi nyuma, tukaipata tithi aliyofariki.

Kwa hiyo mwaka huu, katika Pitru Paksha, Motiba hatafanyiwa ibada siku ya wasiojulikana. Atafanyiwa siku yake. Jina lake nimelikabidhi kwa Maharaj. Wazee wa ukoo wameniomba lisichapwe wala kutangazwa kabla halijatamkwa katika ibada pamoja na maji na ufuta, nami nimetii. Ndiyo sababu hamkulisikia jioni hii.

Nimalizie kwa maombi mawili.

Kwanza, kwa familia zote. Msitupe madaftari ya zamani. Nimeona kurasa za karne iliyopita zikifungia karanga, na nimeona sanduku zima lililogeuzwa vumbi na mchwa. Yapigeni picha, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia jalada. Andikeni yametoka nyumba gani na mji gani. Mkatafute ukurasa unaoanza na neno Bai. Na kabla ya yote hayo, kaeni na mama na bibi walio hai mwaulize: jina lako la kuzaliwa ni lipi, kwenu ni wapi, mama yako aliitwa nani. Maswali matatu hayo yanamaliza kazi ambayo mimi imenichukua miaka.

Pili, kwa Baraza la Wadhamini. Ukutani kwetu pana mawe ya marumaru yenye majina ya wafadhili, na katika mengi mwanamke ameandikwa kuwa mama wa fulani au mke wa fulani. Sipendekezi tuyavunje, yamewekwa kwa nia njema. Naomba kwamba katika daftari la familia ambalo Mandir linafungua kwa maadhimisho haya, iwekwe safu ya pili yenye jina la kila mama na mji aliozaliwa, na jina liandikwe kamili, kwa irabu zake zote.

Bwana awabariki wote waliotutangulia, waliovuka bahari na waliobaki ng'ambo wakiishikilia kamba.

Om Shanti, Shanti, Shanti.